Sebule iliyo wazi kuelekea baharini, Bagamoyo: ukuta wa vioo unafaa?

Mwenye kiwanja: Ndugu wanajukwaa, mimi na mke wangu tunajiandaa kujenga Bagamoyo, kwenye kiwanja kinachotazama bahari upande wa kaskazini-mashariki. Tunataka sebule, jiko na baraza viwe mahali pamoja pa kuishi, na mchoro wa kwanza umeweka milango ya vioo ya kusukuma upande wote wa bahari. Ninahofia joto la Januari, mvua ya masika na mbu wa jioni. Je, turekebishe mchoro kabla ya kumwaga msingi?

Msanifu wa Tanga: Ndugu yangu, urekebisheni. Kaskazi, inayovuma Desemba hadi Machi, itaingia sebuleni moja kwa moja, lakini isipopata pa kutokea upande wa pili, joto litabaki ndani hata milango yote ikiwa wazi. Tatizo kubwa zaidi ni usiku: mkishafunga vioo kwa ajili ya usalama, upepo nao mmeufungia nje, na hapo ndipo watu hukimbilia kiyoyozi. Mimi ningeweka kioo sehemu ndogo tu, kwingine kote nikaweka milango ya mbao yenye mbavu za kupitisha hewa, inayofungwa kwa komeo na kuwekwa wavu wa mbu kwa ndani, ili nyumba ipumue hata ikiwa imefungwa. Upenu wa baraza utoke angalau mita 2, kwa sababu mvua ya pwani huja na upepo, haianguki wima. Upande wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri, pangeni stoo, bafu na ngazi.

Fundi mkuu: Naongezea habari ya chumvi. Bawaba na vitasa viwe vya chuma cha pua cha daraja la 316, nondo zifunikwe na zege la milimita 50, na mchanga wa ufukweni msiuguse kabisa kwa ujenzi. Sakafu ya baraza iwe chini kidogo ya ile ya sebule, nayo iinamie nje. Pimeni pia umbali: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Bibi wa Lamu: Wanangu, mbona nje mnayoifikiria ni ya baharini peke yake? Nyumba zetu za mawe zina kiwanda katikati, ua usio na paa ambao vyumba huufungukia, na humo mama mwenye nyumba hukaa, hupika na kuanika nguo kwenye hewa safi bila mpita njia kumwona. Baraza la mbele ni la wageni. Mkiweza kupata vyote viwili, fanyeni hivyo, na maji ya mvua ya kiwanda yaelekezeni kwenye birika la kuhifadhia.