Seli za ganglia ya simpathetiki zinafyatua mara moja kisha kimya: ni tabia yake au ni elektrodi?

Ganglia_JuuYaShingo (mleta mada)

Habari wadau. Kipande ni ganglia ya juu ya shingo (fundo la seli za neva za simpathetiki, mfumo usioongozwa na hiari) ya panya mkubwa, nzima, imebanwa kwenye bakuli la maji ya chumvi yenye oksijeni, nyuzijoto 32. Seli zinachomwa kwa elektrodi ya kioo yenye ncha kali, ukinzani wa elektrodi 80 MΩ. Utando unatulia kwenye −55 mV, ukinzani wa seli ni 90 MΩ. Mkondo unaingizwa kwa vipindi vya nusu sekunde, kuanzia 50 pA hadi 600 pA.

Kati ya seli 22, 20 zinatoa msukumo mmoja au miwili mwanzoni mwa kipindi halafu zinanyamaza hadi mwisho, hata mkondo ukiongezwa. Vitabu vinaziita seli za namna hii fasiki, na zile zinazoendelea kufyatua muda wote huitwa toniki. Je, naweza kuandika kwamba asilimia 90 ya ganglia hii ni fasiki? Na kama si hivyo, nianze kukagua wapi?

mkondo_M

Usiandike bado, mkuu. Namba inayonitia shaka ni hiyo 90 MΩ.

Seli hizihizi zikirekodiwa kwa pechi ya matundu (pipeti inagandishwa juu ya utando na dawa inautoboa vitundu vidogo sana, bila kuuchoma), ukinzani hufika mamia ya MΩ. Tuchukue 500 MΩ, yaani upitishaji wa 2 nS. Wewe unasoma 90 MΩ, sawa na 11 nS. Hizo 9 nS zilizozidi zimetoka wapi? Sehemu ni tundu ulilotoboa kwa ncha ya kioo. Sehemu nyingine ni chaneli za potasiamu ambazo tundu lenyewe limezilazimisha kufunguka. Tundu linavuta utando kuelekea 0 mV. Utando ukipanda, chaneli za mkondo M (aina mojawapo ya hizo chaneli za potasiamu) zinaanza kufunguka karibu na −60 mV na kuuvuta urudi chini. Ukipiga hesabu kwa potasiamu yenye −90 mV, seli isiyotobolewa yenye −65 mV na tundu la 0 mV, unapata takriban 4 nS za tundu na 5 nS za potasiamu, na jumla yake inasimama palepale kwenye −55 mV. Ndiyo maana volteji ya kutulia inaonekana safi kabisa huku seli imejeruhiwa. Wengi hutazama mV tu na kusema "seli nzuri hii".

Sasa angalia athari yake kwenye ufyatuaji. Mkondo M haujizimi wenyewe kadiri muda unavyokwenda, na hufunguka taratibu, kwa kadiri ya milisekunde 100. Msukumo wa kwanza unapita kabla chaneli hazijafunguka za kutosha. Wa pili au wa tatu unakuta breki imeshakanyagwa. Seli yako inaanza na breki nusu imekanyagwa tayari, na juu yake kuna tundu linalomwaga mkondo unaoingiza. Lazima itoke fasiki.

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi ukiwa na klampu ya kidijitali (kompyuta inayoingiza mkondo kana kwamba seli ina chaneli za ziada): rekodi kwa pechi ya matundu, kisha ongeza mvujo bandia wa nS chache wenye volteji ya 0 mV. Seli iliyokuwa ikifyatua sekunde nzima inageuka fasiki. Ondoa mvujo, inarudi. Jambo hili limeshaonyeshwa kwenye seli za ganglia hiyohiyo ya panya, kwa hiyo mhakiki yeyote atakuuliza.

Ganglia_JuuYaShingo

Asante mkuu. Pechi ya seli nzima haitoshi? Vifaa vya hiyo vipo tayari.

pipeti_safi

Itakutoa kwenye shimo moja ikutie kwenye jingine. Ukivunja utando, vilivyomo ndani ya seli vinaoshwa na maji ya pipeti, na mkondo M hupungua kwa sababu chaneli zake zinahitaji lipidi ya PIP2, ambayo seli huitengeneza kwa kutumia ATP. Utaona seli fasiki dakika ya 2, toniki dakika ya 12, na hujaibadilisha kitu. Kama huna budi, weka ATP ya magnesi 4 mM na GTP 0.3 mM kwenye pipeti, na urekodi kila seli kwa dakika ileile baada ya kuvunja.

Pechi ya matundu hufanywa kwa amfoterisini B, dawa inayotoboa utando, hivi. Yeyusha 60 mg kwenye mililita 1 ya DMSO (kiyeyushi). Chukua mikrolita 4 za huo mchanganyiko kwa kila mililita ya maji ya pipeti. Unapata mikrogramu 240 kwa mililita. Tikisa vizuri, funika kwa karatasi ya alumini maana mwanga unaiharibu, weka kwenye barafu, na baada ya saa 2 mwaga utengeneze nyingine. Ncha ya pipeti ijazwe kwanza maji yasiyo na dawa kwa kuichovya sekunde chache, kisha jaza nyuma yenye dawa. Dawa ikifika nchani mapema, pipeti haigandi kwenye seli. Ukichovya muda mrefu mno, utasubiri nusu saa ukinzani wa njia ushuke. Kawaida ni dakika 10 hadi 20. Anza kurekodi ukinzani ukishafika chini ya 25 MΩ na kutulia.

Ukinzani ukishuka ghafla, usishangilie, utando umepasuka. Tia rangi inayong'aa kwenye pipeti: matundu ya amfoterisini hayaipitishi, hivyo seli ikiwaka ujue umeshaingia seli nzima bila kutaka.

Kwenye ganglia nzima itabidi ulainishe tishu ya juu kwa kolajenesi, la sivyo pipeti itaishia kugusa utandotando tu.

mkondo_M

Naunga mkono. Niongeze kuhusu kipimo. Usitumie 200 pA kwa kila seli. Tafuta kizingiti cha kila moja kwa hatua za 5 au 10 pA, halafu linganisha kwenye mara 1, 2 na 3 za kizingiti hicho, kipindi cha sekunde 1 nzima. Zote zianzie volteji moja, tuseme −60 mV, kwa mkondo wa kushikilia. Usipofanya hivyo unalinganisha ukubwa wa seli, wala si tabia yake.

Mkondo M wenyewe upime kwa klampu ya volteji (kifaa kinashikilia volteji na kupima mkondo): shikilia −30 mV, teremsha hadi −60 mV kwa sekunde 1. Kwanza kuna mruko wa papo hapo, kisha mstari unateleza polepole chaneli zinapofunga. Mteremko huo ndio mkondo M. Weka XE991 10 µM (dawa inayoziba chaneli za mkondo M), unatoweka. Angalizo: XE991 hushika vizuri zaidi chaneli zilizofunguka, hivyo seli iliyolala kwenye −70 mV inachelewa kuathirika, subiri dakika kadhaa, na usitegemee kuiosha. Ukitaka kitu kinachooshika tumia oksotremorini-M 10 µM (dawa nyingine inayozima mkondo M), lakini hiyo inagusa chaneli za kalsiamu pia na kupandisha utando, kwa hiyo rudisha −60 mV kabla ya kuhesabu misukumo.

Ganglia_JuuYaShingo

Kwa hiyo mgawanyo wa fasiki na toniki ni uzushi wa elektrodi tu?

mkondo_M

Hapana, usiende mbali hivyo. Kwa simbilisi, ganglia za pembeni ya uti wa mgongo na zile za mbele, kama siliaki, zinatofautiana kweli hata zikichomwa kwa elektrodi ileile. Toniki za mbele zina mkondo A mkubwa (mkondo wa potasiamu unaofunguka haraka kisha kujizima), na siliaki ina kundi la tatu ambalo baada ya msukumo mmoja utando hukaa chini muda mrefu. Kinachoanguka ni asilimia yako ya 90, kwa sababu kila seli umeisukuma upande mmoja.

sindano_ya_neva

Neno moja kutoka upande wa binadamu, maana toniki huwa inaeleweka vibaya. Ukirekodi neva ya misuli mguuni kwa sindano ya tungsteni, misukumo ya simpathetiki inakuja kwa mafungu yanayofuata mapigo ya moyo, karibu sekunde 1.3 baada ya wimbi R (kilele cha mchoro wa umeme wa moyo), kwa kuwa nyuzi C (nyuzi nyembamba za neva zisizo na mielini) hupitisha kwa kasi ya takriban mita 1 kwa sekunde. Ndani ya fungu, uzi mmoja mara nyingi hutoa msukumo mmoja tu, na mafungu mengine unayaruka kabisa. Wastani wake uko chini ya msukumo 1 kwa sekunde. Neva ya ngozi haifuati moyo. Ukimshtua mtu au akivuta pumzi ndefu ndipo inafyatua.

Hakuna anayeingiza 200 pA za sekunde nzima mwilini. Seli zinaendeshwa na sinapsi, kwa hiyo ukishapata pechi ya matundu, ongeza jaribio la sinapsi bandia: upitishaji unaopanda kwa milisekunde 1 na kushuka kwa 5 hivi, volteji 0 mV, mfululizo usio na mpangilio. Hesabu ni ngapi kati ya zile dhaifu zinajumlishana hadi kuvuka kizingiti, kwanza bila mvujo, kisha na zile 4 nS.