Naomba ushauri: uyoga unanigomea kwenye ukili

Habari za leo wakuu. Niko Tanga, nasuka kawa (vile vifuniko vya chakula) na vikapu vya ukili, yaani mikanda iliyosukwa kwa majani ya ukindu, pamoja na shangazi. Tangu mwezi wa tatu najaribu kuotesha utando wa uyoga aina ya mamama (oyster) ndani ya kawa, uwe bitana ngumu, nipate kifuniko cha taa kisicho na plastiki.

Nachemsha mabua ya mpunga, yakipoa nachanganya na mbegu za uyoga, nashindilia ndani ya kawa, nafunika na nailoni. Baada ya wiki mbili hivi panakuwa peupe kama pamba. Raha tupu! Shida ni pale utando unapogusana na ukili: ukungu wa kijani unaanzia kwenye mishono, hasa penye ukindu uliotiwa rangi. Nikichemsha ukindu pia, rangi inachuja na kawa inalegea. Shangazi ananicheka tu, eti nani kanituma kulowesha kawa.

Je, niloweke ukindu kwenye maji ya chokaa? Au nioteshe bitana kwenye beseni, niikaushe, ndipo nishonee ukili juu yake? Na sina oveni. Jua pekee litaua utando usiendelee kuota?