Gavana Twining na TANU: kweli uhuru wetu haukupingwa?

Mtoto wa Kilosa:

Wakuu, salaam. Kuna jambo linanisumbua tangu nibishane na rafiki yangu wa Nairobi. Anasema sisi Watanganyika uhuru tuliletewa mezani. Kwao Gavana Baring alinyonga watu zaidi ya elfu moja, wengine wakajazwa kambi za kizuizini, wakati kwetu Gavana Twining na Nyerere walikuwa wanakaa wanapanga tarehe tu. Nilitaka kumjibu nikajikuta sina neno, maana shuleni tulipita hapo kwa sentensi moja: TANU ilidai uhuru kwa amani, Mwingereza akakubali.

Naomba wanaojua wanisaidie. Twining aliipinga TANU au hakuipinga? Kama aliipinga, alitumia nini? Nataka mambo yaliyotokea, mahali na miaka. Porojo ninazo za kutosha.

Mwalimu Mstaafu:

Kijana wangu, aliipinga. Aliipinga tangu siku inazaliwa mpaka anafungasha mizigo yake mwaka 1958, na silaha yake kubwa ilikuwa karatasi. Nimefundisha historia sekondari sehemu kubwa ya maisha yangu, na hiyo sentensi moja unayoisema ilinikera kila mwaka nilipoikuta kwenye daftari la mwanafunzi.

Anzia mwaka 1953, kabla TANU haijakuwepo. Serikali ilitoa waraka kuwakataza watumishi wake kujiunga na siasa. Sasa jiulize, enzi zile Mwafrika aliyesoma alikuwa anafanya kazi wapi? Karani, mganga, mwalimu, wote mshahara wao ulitoka serikalini. Uongozi wa TAA, chama kilichoitangulia TANU, ulikuwa umejaa watu wa namna hiyo. Kwa waraka mmoja Twining alikiondolea chama vichwa vyake bila kumkamata mtu. TANU ilipozaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, wapo walioihangaikia kwa miaka ambao hawakuthubutu kuonekana na kadi yake.

Mwaka huohuo ikaja sheria ya kuandikisha vyama. Kila tawi lilipaswa kuandikishwa peke yake. Usipoandikishwa, mkutano wenu ni kosa, na kukusanya ada ni kosa. Hapo ndipo palipokuwa na mtego, maana serikali haikuhitaji kuipiga TANU marufuku nchi nzima na dunia ikasikia. Iliweza kuinyima pumzi tawi baada ya tawi. Jimbo la Ziwa lote, kule Usukumani kwenye watu wengi na pamba nyingi, TANU ilinyimwa uandikishaji kuanzia mwishoni mwa 1954 hadi 1958. Karibu miaka minne! Korogwe nako tawi likafungwa mwaka 1957.

Nyerere mwenyewe hakuwa mtumishi wa serikali, alifundisha Pugu katika shule ya misheni. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi akatakiwa kuchagua, ualimu au siasa. Akaacha kazi akiwa na mke na watoto. Nikiwa mwalimu naujua uzito wa jambo hilo, na ninasema bila kusita kwamba sijui kama ningeliweza. Mwaka 1957 serikali ikamkataza kuhutubia hadharani kwa miezi kadhaa, kwa madai kwamba maneno yake yanachochea.

Twining hakuishia kuzuia. Mwaka 1956 aliwatia moyo watu wa kuanzisha chama cha kushindana na TANU, UTP, kikiongozwa na mlowezi Ivor Bayldon. Mwaka uliofuata alikusanya machifu Mzumbe, akitumaini watasimama upande wa serikali. Machifu walikuwa wanaona mambo yalikokuwa yanaelekea, na hawakumpa alichotaka.

Kwa hiyo rafiki yako mwambie hivi: damu haikumwagika kama Kenya, hilo ni kweli na tusilipunguze, maana wenzetu waliumia mno. Lakini kupewa mezani? Hapana.

Mjukuu wa Ngarenanyuki:

Mwalimu, shikamoo. Nimekusoma kwa heshima zote, ila kwamba silaha ya Twining ilikuwa karatasi sikubali. Labda huko Dar es Salaam. Kwetu Meru, upande wa Arusha, alianza na moto, na TANU ilikuwa haijazaliwa.

Novemba 1951 polisi walikuja Ngarenanyuki kuwatoa Wameru wapatao 3,000 kwenye ardhi yao, ili pawe mashamba ya ng'ombe ya wazungu. Nyumba zilichomwa. Mifugo iliswagwa ikafa njiani. Waliambiwa wahamie King'ori, na wengi walikataa kwa sababu waliijua King'ori, ni bondeni kwenye joto na maradhi. Bibi yangu alikuwa msichana. Mpaka uzeeni hakupenda kuzungumzia siku hiyo, alichosema tu ni kwamba waliondoka na walichoweza kubeba kichwani, na kwamba ghala la mahindi liliwaka kwa muda mrefu kuliko nyumba.

Wameru hawakurusha mkuki. Walichangishana, wakamtuma Kirilo Japhet pamoja na wakili Earle Seaton hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Azimio la kuwatetea lilipita kwenye kamati, likakosa theluthi mbili kwenye Baraza Kuu. Ardhi haikurudi wakati ule. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchi akiwaeleza watu yaliyotokea, hadi Usukumani. Kwa hiyo TANU ilipokuja 1954, kuna watu waliokwisha kusikia kwa masikio yao kwamba serikali hii inaweza kuchoma nyumba yako kwa ajili ya ng'ombe wa mtu mwingine.

Nakuomba Mwalimu, ukieleza habari za Twining usianzie kwenye waraka wa 1953. Anzia kwetu.

Mwalimu Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa, na kwa mtu wa Meru ndipo pa kuanzia. Ila bado nasimama kwenye hoja yangu juu ya TANU yenyewe. Baada ya Meru, dunia ilikuwa inatazama. Nadhani kelele alizopiga Kirilo kule New York ni sehemu ya sababu iliyomfanya Twining apendelee karatasi baadaye.

Pamba Nyeupe:

Wakuu naongezea la Kanda ya Ziwa kidogo. Mwalimu amesema tulinyimwa TANU miaka minne. Watu hawakukaa bure. Walikuwa na vyama vya ushirika vya pamba, Paul Bomani na wenzake, na huko ndiko siasa ilikojificha. Huwezi kumkataza mkulima kukutana kuzungumzia bei ya pamba yake.

Tena kilichowaudhi wazee wetu hakikuwa hotuba. Ilikuwa amri za kilimo na mifugo: punguza ng'ombe, lima matuta hivi, usipofanya faini au jela. Uluguru matuta hayohayo yalileta vurugu mwaka 1955, polisi wakafyatua risasi na mtu akafa. Kwetu yaliivia Geita mwaka 1958, serikali ilipolazimisha baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, wakati wazungu na Wahindi wilayani walikuwa wachache sana. Maelfu ya watu walikwenda Mwanza kumwona mkuu wa jimbo. Walitawanywa kwa mabomu ya machozi. Twining alikuwa ameshaondoka wiki chache tu, lakini mpango ulikuwa wake. Baadaye serikali iliurudisha nyuma.

Mtoto wa Kilosa:

Wazee wangu na ndugu zangu, asanteni sana, na shikamoo Mwalimu. Yaani haya yote shuleni tuliyaruka. Nimebakiwa na mawili. Kwa nini Twining hakwenda mbali kama Baring? Na nimesikia Nyerere alishtakiwa mahakamani; kesi hiyo ilikuwa ya nini hasa?

Mwalimu Mstaafu:

Marahaba. La kwanza: Kenya ilikuwa koloni kamili na walowezi wengi wenye sauti London. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, Mwingereza akiisimamia chini ya Umoja wa Mataifa, na kila baada ya miaka mitatu unakuja ujumbe wa Umoja wa Mataifa kukagua. Ule wa 1954 ulipendekeza nchi iweze kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25, na Twining alichukizwa nao mno. Gavana wa namna hiyo akipiga risasi leo, kesho anaulizwa New York. Na Nyerere alilijua hilo. Aliwakazania wanachama wasirushe hata jiwe, kwa sababu jiwe moja lingempa Twining kisingizio cha kutangaza hali ya hatari kama jirani. Watu walitukanwa wakanyamaza. Walifungiwa tawi, wakakutana nyumbani kwa mtu. Mimi naona ule ulikuwa ushupavu, na nasikitika tukiuita upole.

Usiwasahau akina mama hapa. Waraka wa 1953 haukumgusa Bibi Titi Mohamed, hakuwa na bosi wa kumfukuza. Wapika pombe, wachuuzi, wanawake wa vikundi vya ngoma, hao ndio walionunua kadi kwa maelfu pale waume zao makarani walipoogopa. Twining aliziba mlango wa ofisi, TANU ikapita uani.

La pili, kesi. Mwaka 1958 Nyerere aliandika katika *Sauti ya TANU* akiwalaumu maDC wawili, wa Musoma na wa Songea, kwa kuwaonea watu. Akashtakiwa kwa kuwakashifu. Aliyemtetea ni D. N. Pritt, wakili yuleyule aliyemtetea Kenyatta katika kesi ya Kapenguria kule Kenya. Agosti akatiwa hatiani: faini shilingi 3,000 au jela miezi sita. Wengi walitaka aende jela, awe shujaa. Faini ikalipwa kwa michango ya watu.

Hiyo shilingi 3,000 itazame vizuri. Ndiyo pauni 150, na pauni 150 kwa mwaka ndicho kipato kilichowekwa kuwa sifa mojawapo ya kupiga kura katika uchaguzi wa kura tatu mwezi uliofuata. Wengi waliochanga senti zao kumkomboa Nyerere hawakuwa na kipato hicho, wala sifa nyingine zilizokubaliwa, yaani darasa la nane au cheo. Hawakuruhusiwa kupiga kura. Wachache walioruhusiwa walilazimika kuchagua Mwafrika, Mhindi na Mzungu kwa pamoja, mpango uliobuniwa chini ya Twining, nao wakawachagua watatu waliokuwa wanaungwa mkono na TANU. UTP haikuambulia kiti.

Gavana aliyelikuta hilo ni Richard Turnbull, aliyetoka kuwa Katibu Mkuu wa serikali ya Kenya wakati wa Mau Mau. Mtu huyo alishaona kwa macho yake gharama ya njia ya Baring. Hakuchelewa kukaa na Nyerere mezani. Rafiki yako wa Nairobi anaikumbuka meza hiyo, ila ilitandikwa baada ya Twining kuondoka.