Naomba ushauri: mashabiki wa Halo Nakuru tumetofautiana, tununue mashine gani?

Mwanzisha uzi, Nakuru

Wanajukwaa, hamjambo. Mimi na wenzangu tunaendesha chumba kidogo cha gemu hapa Kaptembwo. Siku za wiki chumba hujaa vijana wa kandanda, lakini Jumamosi jioni tunakitenga kwa ajili ya Halo, mfululizo wa gemu za risasi wa Microsoft, ambayo tunaicheza kwenye Xbox One kuukuu yenye Master Chief Collection, mkusanyiko wa Halo za zamani. Tumechanga pesa za kuongeza mashine moja, na badala ya kujadili bei tumejikuta tukibishana kuhusu mwelekeo wa mfululizo wenyewe.

Wapo wanaotaka Xbox mpya kwa kuwa wanaamini Halo Infinite ya mwaka 2021 ndiyo njia sahihi: eneo pana, uhuru wa kwenda utakako, na kamba ya kujivuta inayompandisha Master Chief, askari shujaa wa gemu, juu ya miamba. Wapo wanaotaka PlayStation 5, kwa sababu Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba gemu ya kwanza inaundwa upya kwa jina la Halo: Campaign Evolved na kwamba itachezeka PlayStation pia, jambo ambalo halijawahi kutokea katika mfululizo huu. Halafu yuko mmoja, tena ndiye mchangaji mkubwa, anayeshikilia kuwa Halo ilikwisha pale Bungie, studio iliyoiunda, walipoiacha baada ya Halo: Reach mwaka 2010, na kwamba pesa zake zisiguswe kwa ajili ya kitu kilichopoteza dira.

Naombeni mnieleze bila upendeleo: Halo inaelekea wapi, na kwa mwelekeo huo mashine ipi itatufaa?

Mkongwe wa Kondele, Kisumu

Ndugu yangu, wengi hupima mwelekeo wa Halo kwa hadithi au kwa michoro. Sisi tunaocheza wengi kwa televisheni moja tuna kipimo chetu: je, gemu inakubali kugawa skrini? Ile ya kwanza, iliyotoka Novemba 2001, iliruhusu wawili kucheza hadithi nzima pamoja na wanne kushindana, wote kwa mashine moja. Aliyecheza hatua ya The Silent Cartographer anaujua utamu wake. Mnatua ufukweni chini ya risasi, mmoja anashika usukani wa gari la Warthog, mwenzake anapanda nyuma kwenye bunduki kubwa, na kila dereva anapoligonga gari kwenye mwamba, mpiga risasi anamlaumu papo hapo, bega kwa bega, kwenye benchi lilelile.

Oktoba 2015 ikaja Halo 5 isiyogawa skrini hata kidogo. Mashabiki walilalamika mpaka wasimamizi wakaahidi kwamba gemu zitakazofuata zingekirejesha kipengele hicho. Infinite ilikirejesha katika mashindano peke yake. Katika hadithi, watu walisubiri kwa miezi, kisha Septemba 2022 wakaambiwa kwamba mpango huo umefutwa. Kwangu mimi, kupotea njia ni huko, wala si suala la nani anayeunda. Kama ni kuhama nyumba, mchangaji wenu akumbuke kwamba Halo yenyewe ilionyeshwa hadharani mwaka 1999 katika maonyesho ya kompyuta za Apple, kabla Microsoft hawajainunua Bungie mwaka 2000. Kwa hiyo hao wanaoona PlayStation kuwa usaliti wamechelewa kukasirika.

Campaign Evolved imetangazwa kuwa itawaruhusu wawili kugawa skrini moja kwenye mashine za sebuleni. Ningekuwa nanyi, ningenunua PlayStation 5.

Mwana wa Elgon, Bungoma

Mzee wa Kondele, nakuheshimu, lakini umeihukumu Infinite kwa kosa moja na kuacha mengi iliyorekebisha. Reach ilileta mbio, yaani kukimbia kwa kasi kuliko mwendo wa kawaida, kama uwezo wa kuchagua, kisha Halo 4 ya mwaka 2012 ikampa kila mchezaji mbio za kudumu, na juu ya hapo ikaruhusu kila mmoja aingie uwanjani na silaha alizojipangia. Hapo ndipo Halo ilipoanza kufanana na gemu nyingine za risasi. Tangu mwanzo mashindano yake yalikuwa ya haki kwa sababu nyote mlianza na bunduki ileile, na silaha kali ilikuwa sehemu inayojulikana, mkaigombania. Infinite ilirudi kwenye msingi huo: mbio zimo, ila haziongezi kasi ya kuleta tofauti kubwa, na anayetaka silaha kali lazima aiendee. Huo ni mwelekeo sahihi, hata kama hadithi ilikatika njiani.

Lakini nawaonya wale wanaotaka Xbox mpya kwa ajili ya Infinite peke yake: gemu hiyo inachezeka kwenye Xbox One mliyo nayo, na sehemu yake ya mashindano hailipiwi. Ipakueni kwanza muijaribu, japo itakula bando si haba.

Binti wa Lurambi, Kakamega

Nasoma hapa naona kila mtu anazungumzia bunduki. Mimi niliifuata Halo kwa ajili ya Cortana, akili unde inayomsaidia Master Chief. Halo 4 ilimwonyesha akizeeka na kuchanganyikiwa, huku Master Chief, aliyelelewa kuwa askari asiyeonyesha hisia, akishindwa kumwokoa. Halo 5 ikamgeuza kuwa adui wa walimwengu wote. Infinite, badala ya kulikabili jambo hilo, ikalimaliza nje ya macho yetu na kutuachia vipande vya kumbukumbu. Sasa studio iliyoirithi Halo kutoka kwa Bungie, ambayo mwaka 2024 ilibadilisha jina kuwa Halo Studios na kuhamia Unreal Engine 5, programu ya kuundia gemu, inaanza na hadithi ya mwaka 2001 tuliyokwisha kuimaliza. Naiona kama kulikwepa swali. Hata hiyo gemu ya kwanza ina madoa yake: hatua ya The Library ni korido zinazojirudia mpaka mtu anasinzia, na nusu ya pili inakurudisha katika maeneo uliyokwisha kupita. Nikiona wamelitengeneza hilo, nitawaamini.

Kwa upande wa mashine kuna jambo ambalo Mkongwe amelipita. Campaign Evolved imetangazwa bila mashindano. Jumamosi mkiwa kumi chumbani, wawili watacheza na wanane watatazama.

Mwanzisha uzi, Nakuru

Asanteni sana. Nimewasomea wenzangu majibu haya, na mchangaji mkubwa amelegea kidogo aliposikia habari za Apple, ingawa anauliza kama gemu mpya itakuwa na mbio. Pia nauliza: je, Campaign Evolved haiwezi kuchezeka kwenye Xbox One yetu, tusinunue chochote?

Mkongwe wa Kondele, Kisumu

Mbio zitakuwemo, waundaji wamekwisha kusema, na mabishano yake yamejaa kila mahali. Xbox One haimo katika orodha: ni Xbox mpya za Series, kompyuta na PlayStation 5. Binti wa Lurambi amesema kweli kuhusu mashindano, nami namshukuru, kwa hiyo ushauri wangu naurekebisha hivi: msiiuze Xbox One. Hiyo ndiyo ya mashindano ya watu wanne Jumamosi, na ule mkusanyiko wake msiufute hata nafasi ikiwabana, maana kuupakua upya ni zaidi ya gigabaiti 100. PlayStation 5 itawaingizia pesa za kandanda siku za wiki, na Campaign Evolved ikitoka, wale wanane wanaosubiri zamu watakuwa na televisheni ya pili.

Mwana wa Elgon, Bungoma

Hapo nakubali. Ila kumbukeni kwamba PlayStation 5 huja na pedi moja tu ndani ya boksi, nayo pedi ya pili si rahisi. Itieni kwenye hesabu kabla hamjamkabidhi muuzaji pesa.