Naomba ushauri: je, kupiga kura peke yake kunatosha?

Mleta uzi:
Ndugu wanajukwaa, nimepiga kura katika kila uchaguzi tangu nilipotimiza umri unaoruhusiwa, nikiamini kwamba wajibu wangu unaishia kwenye sanduku la kura. Mwaka huu nilihudhuria kwa mara ya kwanza kikao cha kukusanya maoni kuhusu bajeti, nikazungumza, maoni yangu yakaandikwa, kisha bajeti ikapitishwa vilevile ilivyoletwa. Je, niendelee kuhudhuria, au ninawasindikiza tu watu walioamua zamani?

Mchangiaji wa kwanza:
Endelea, ila angalia wakati. Ibara ya 21 ya Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inampa kila mtu haki ya kushiriki katika serikali ya nchi yake, moja kwa moja au kupitia wawakilishi aliowachagua kwa hiari. Kwa hiyo kura ni sehemu tu ya haki hiyo. Kasoro ya vikao vingi ni kwamba wananchi huitwa wakati rasimu imekwisha kuandikwa. Huko Porto Alegre, Brazili, kuanzia mwaka 1989 wakazi walikutana kupanga vipaumbele kabla ya bajeti kuandaliwa, na hapo ndipo maoni yalipopata uzito. Ulizia ratiba ya maandalizi, usisubiri tangazo la kikao.

Mchangiaji wa pili:
Mimi naona tatizo si wakati peke yake: ulikwenda peke yako. Nchini Uswisi, pendekezo la wananchi la kurekebisha katiba hupelekwa kwenye kura ya maoni likipata saini 100,000 ndani ya miezi 18, na hakuna anayezikusanya pasipo kuzungumza na majirani, wakiwemo wanaompinga. Vilevile (samahani kwa kukuuliza waziwazi) uliisoma bajeti yenyewe? Kukataliwa kwa hoja si lazima kuwe kupuuzwa, kwani huenda wengine walitoa hoja iliyo kinyume na yako. Omba muhtasari wa kikao, kisha umwandikie mwakilishi wako ajibu kwa maandishi kwa nini hoja yako iliachwa.

Mleta uzi:
Nakiri kwamba niliisoma kurasa chache tu. Barua ya kuomba muhtasari nitaiandika leo, na wenzangu wawili waliokuwa kikaoni wamekubali kutia saini.