Mnampa mvutaji chingamu ya nikotini bila maelezo, akishindwa mnasema hana nia!

Wakuu, salamu baadaye. Uzi huu ni wa malalamiko, na walengwa wanajijua: wauza dawa, wahudumu wa afya na kila mtu mwenye ushauri wa kuacha sigara usiozidi sentensi moja.

Mtu anafika dirishani anasema amechoka na sigara, anataka kuacha. Anakabidhiwa pakiti ya chingamu ya nikotini, anaambiwa "tafuna ukisikia hamu". Imeisha hiyo. Hakuna aliyemuuliza swali la kwanza kabisa: ukiamka asubuhi, sigara ya kwanza unaiwasha baada ya muda gani? Anayewasha ndani ya nusu saa ana utegemezi mkubwa, chingamu yake ni ya miligramu 4. Anayeweza kusubiri zaidi ya hapo, miligramu 2 inamtosha. Ninyi mnampa kila mtu ya 2 kwa sababu ndiyo iliyojaa rafuni, siku ya tatu arosto imempanda karudi kwenye fegi, kisha mnamcheka.

Na kutafuna kwenyewe hamfundishi! Nikotini ya chingamu inatakiwa iingie kupitia ngozi laini ya ndani ya mdomo. Ukitafuna mfululizo kama jojo ya kawaida unaimeza na mate, na ikishuka tumboni sehemu kubwa inavunjwa na ini kabla haijafika kwenye ubongo. Unachopata ni kwikwi, kiungulia na kichefuchefu, na hamu iko palepale. Halafu mtu anasema "dawa imenikataa". Haijamkataa, mmemficha matumizi.

Inatafunwa hivi: polepole, mpaka usikie ukali kama wa pilipili ulimini. Hapo unaacha, unaibana kati ya shavu na ufizi. Ukali ukififia unatafuna tena mara chache, unahamishia shavu la pili. Moja inakwenda kama dakika 30. Kahawa, soda na juisi hazigusi mdomo dakika 15 kabla ya chingamu wala wakati ipo mdomoni, kwa sababu mdomo ukiwa na tindikali nikotini haipenyi. Na si kitu cha kusubiri hamu ipande. Wiki 6 za kwanza ni moja kila saa 1 hadi 2, isizidi 24 kwa siku. Aliyekuwa anavuta pakiti nzima akitafuna tatu kutwa, huyo hajatibiwa, amechokozwa tu.

Vibandiko vya nikotini ni kichekesho kingine. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Anayevuta 10 au pungufu huanzia 14. Kinabandikwa asubuhi kwenye ngozi safi, kavu, isiyo na vinyweleo vingi, kifuani au mkono wa juu, na kesho yake sehemu nyingine, vinginevyo ngozi inawaka na mtu anakivua moja kwa moja. Ukipaka losheni kwanza hakishiki. Kikimletea ndoto za ajabu, akitoe akienda kulala, asubuhi abandike kipya. Mambo ya dakika mbili kueleza!

Kinachoniudhi kuliko vyote ni hii ya "usichanganye, utakula sumu". Kibandiko pamoja na chingamu kunafanya kazi kuliko kimoja peke yake, hilo limepimwa mara nyingi. Kibandiko kinaweka kiwango cha chini kinachotulia kutwa nzima, lakini hakiwezi kuzima hamu inayokuja ghafla baada ya chakula au ugomvi. Chingamu ndiyo inashughulika na hiyo. Sigara inafikisha nikotini kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Hakuna kibandiko kinachokimbia hivyo, na ndiyo sababu si rahisi mtu akawa mtumwa wake. Lami ya moshi na gesi ya kaboni monoksaidi vinavyoua vinatoka kwenye kitu kinachoungua. Mnaiogopa dawa kuliko moshi wenyewe.

Halafu wale wa "punguza tu, moja kwa siku haina shida". Ina shida. Kwa saratani ya mapafu kupunguza kunashusha hatari, sawa. Kwa moyo, sigara moja kwa siku inabakiza karibu nusu ya hatari ya ziada aliyonayo mvutaji wa sigara 20. Mishipa ya damu haihitaji moshi mwingi ili iharibike. Isitoshe anayepunguza bila dawa anavuta kwa nguvu zaidi na kuubana moshi kifuani muda mrefu, anarudisha kile alichodhani amekiacha.

Ujanja wa sigara "laini", zilizouzwa kama zenye lami kidogo, ulikuwa huohuo. Shika kichungi uangalie karibu na mwanga: kuna mduara wa vitundu vidogo sana kwenye karatasi yake. Mashine ya kupimia haivizibi, hewa safi inaingia, lami inaonekana kidogo. Vidole na midomo ya mtu vinaviziba. Mkataba wa WHO wa Kudhibiti Tumbaku, ulioanza kutumika 2005, unakataza majina ya kupotosha kama hayo katika kifungu cha 11. Sasa kampuni za sigara zimehamia kwenye rangi za pakiti, na wanunuzi wanaelewa ujumbe uleule. (Wa shisha nao wasijifiche: maji yanapoza moshi, hayausafishi, na mkaa unaongeza kaboni monoksaidi yake.)

Nikotini ya kutibu iko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2009. Mwaka 2024 likatoka hadi pendekezo rasmi la matibabu ya watu wazima: nikotini mbadala (kama chingamu na vibandiko), vidonge vya vareniklini, bupropioni na sitisini, pamoja na ushauri. Kisingizio cha "hakuna mwongozo" kimekufa. Kifungu cha 14 cha mkataba huo kinazitaka nchi zisaidie watu kuacha, lakini kodi ya sigara inakusanywa kila siku na dawa ya kuachia haipo kituoni. Kweli?

Jibu la 1
Nakazia, mkuu. Ongeza hili ambalo karibu kila mtu analisahau: moshi unaharakisha kimeng'enya cha ini kinachovunja kafeini na baadhi ya dawa. Kinachofanya hivyo ni moshi, si nikotini, kwa hiyo kibandiko hakizuii. Mtu akiacha, ini linapunguza kasi ndani ya siku chache. Kahawa ileile sasa inakaa mwilini muda mrefu: moyo unadunda, usingizi hakuna, mikono inatetemeka, naye anadhani ni arosto. Apunguze kahawa nusu. Anayetumia klozapini au olanzapini (dawa za magonjwa ya akili) au theofilini (ya pumu) asiache kimyakimya, amwambie daktari mapema ili dozi iangaliwe, maana kiwango kinaweza kupanda hadi kuleta madhara.

Jibu la 2
Yote sawa ila mnazunguka. Pandisha kodi! Bei ikipanda asilimia 10, matumizi yanashuka kama asilimia 4 kwenye nchi tajiri na karibu 5 kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Vijana ndio wanaoacha kwanza.

Mwenye uzi
Kodi naiunga mkono kwa asilimia mia, mradi ipande kuliko mfumuko wa bei na kuliko mishahara, na uuzaji wa sigara mojamoja ukomeshwe, maana huo ndio unaompa mwanafunzi mlango. Lakini aliyebanwa na bei leo na hana dawa anahamia kwenye ugoro au tumbaku ya kusokota, ambazo mara nyingi kodi yake ni ndogo. Vyote viwili viende pamoja.

Jibu la 3
Mkuu, mtu akiteleza akavuta moja akiwa amebandika, avue?

Mwenye uzi
Asivue! Hapa ndipo wanapopotezwa wengi. Aizime hiyo sigara, aache kibandiko mahali pake, aendelee na ratiba yake kesho kama kawaida. Kama hamu ilimshinda siku ya kawaida tu, huenda dozi ni ndogo: aongeze chingamu juu ya kibandiko, hasa saa ileile aliyoteleza. Arosto kali zaidi ni wiki ya kwanza, kisha inapungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Kikohozi kikiongezeka kidogo mwanzoni asitishike, vinyweleo vya njia ya hewa vimeanza kufagia tena. Ila akikohoa damu, hiyo si ya kusubiri, aende akapimwe.