Modeli ya spidiboti ya mbao aliyoacha mzee, naombeni mnisaidie kuijua, na je niipige msasa?

BintiRaskazone
Habari zenu wakuu. Marehemu mzee wangu alikuwa baharia, kazunguka na meli miaka mingi, na kwenye vitu alivyoacha kuna modeli ya spidiboti ya mbao aliyoinunua Genoa mwaka 1984. Toka nikiwa mdogo ilikaa juu ya kabati la sebuleni na hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa. Nimeipima toka omo hadi tezi ni sm 85, mbao nyekundu ya kuelekea kahawia, sitaha ina vimistari vyeupe vyembamba, viti ni vyeupe na buluu ile ya maji ya kina kifupi, kioo cha mbele kimepinda kinazunguka hadi ubavuni, na nyuma kuna kigodoro kama cha kulalia. Chini kuna shafti mbili ila propela iliyobaki ni moja.

Tatizo vanishi imekuwa ya njano na ina nyufa ndogondogo kila mahali, afu upande uliokuwa unaelekea dirishani mbao imepauka. Fundi wa fanicha hapa mtaani anasema nimpe apige msasa yote mpaka mbao tupu apulize vanishi mpya, siku mbili tu. Roho inasita. Hii ni boti gani hasa, na nimpe au nisimpe?

Kijana_wa_Feri
Hiyo itakuwa Chris-Craft ya Marekani dada, zile za mbao za zamani zote ni hizo.

Mzee_wa_Tanga_Mjini
Hapana ndugu yangu Kijana wa Feri, runabauti nyingi (spidiboti ndogo za wazi) za Chris-Craft za kabla ya vita kuu ya pili, zile za Algonac kule Michigan, injini inakaa katikati na nyuma yake kunakuwa na shimo lingine la abiria. Ya huyu dada nyuma ina kigodoro, maana yake injini ziko chini ya kigodoro. Na zipo mbili ndo maana shafti mbili. Ukichanganya hilo na kioo cha kuzunguka na zile rangi za viti, hiyo ni Riva Aquarama.

Zilitengenezwa Sarnico, mji mdogo kwenye ziwa Iseo kaskazini mwa Italia, familia ya Riva walianza kuunda boti pale 1842. Aquarama ilitoka 1962 chini ya Carlo Riva, na jina alilichukua kwenye Cinerama, ile sinema ya skrini pana iliyopinda, kwa sababu ya kioo chake. Ziliendelea kuundwa hadi 1996 na jumla hazikufika hata 800. Ferruccio Lamborghini, huyo huyo wa magari, alikuwa na yake ya 1968 akatia injini mbili za V12 (silinda 12) za kwake. Boti halisi ina urefu wa mita 8 hadi karibu 9 kutegemea toleo, kwa hiyo sm 85 ni moja kwa kumi. Mzee wako alikuwa na jicho, pole sana kwa msiba.

Seremala_Mkunazini
Dada USIMPE. Nasema kama mtu anayekula kwa msasa.

Modeli kama hizo mbao ya nje mara nyingi ni kipande chembamba sana kimebandikwa juu ya fremu, pengine milimita moja au pungufu, mashine ikipita mara mbili tu umeshatokea upande wa pili na vile vimistari vyeupe havirudi tena. Kupauka nako usihangaike nako, hiyo ni kazi ya jua, ihamishe tu mbali na dirisha.

Kwanza jua ni vanishi gani. Chini kabisa, pasipoonekana, gusisha pamba yenye spiriti kidogo. Ikinata basi ni shelaki. Isiponata jaribu tina ya rangi ya gari, ikinata hapo ni laka. Zote mbili habari njema, kwa sababu zinayeyuka zikajiunga tena, yaani unapitisha brashi laini yenye kiyeyusho chake kidogo kidogo na nyufa zinajifunga bila kukwangua chochote. Isiponata kwa vyote viwili ni vanishi ya mafuta au poliyurethani, hiyo futa vumbi, paka nta, iache.

Kijana_wa_Feri
Nimekubali kuhusu jina. Ila fundi, mbona hizo Aquarama zenyewe wenye nazo wanazikwangua na kupaka upya? Nimesoma zinapigwa vanishi mpaka tabaka 20.

Seremala_Mkunazini
Ni kweli kaka, lakini ile ni mahogani nene inayoishi majini, vanishi ndo koti lake, likichakaa unalivua unavaa jingine na mbao ipo ya kutosha. Sisi wenyewe tuna mkangazi ambao ni ndugu wa mahogani, naufanyia kazi kila wiki, unavumilia msasa hata mara kumi ukiwa ubao kamili. Huo wa dada ni ganda tu. Halafu vile vyuma vya kung'aa usivisugue na dawa ya kung'arisha shaba, ile kromu juu ni utando tu, pamba yenye unyevu inatosha.

BintiRaskazone
Asanteni sana jamani, nimesoma nikalia kidogo. Nimejaribu leo mchana chini ya tezi, spiriti haikufanya kitu ila tina ilinata hapo hapo, kwa hiyo ni laka. Nimefanya kipande cha sm 5 tu kwa brashi ya kuchorea ya mwanangu na nyufa zimejifunga kweli, mbao imeonekana tena nyekundu kama nilivyoikumbuka. Fundi nimemwambia asante hapana.

Bado propela. Iliyopo ni ya shaba, majani matatu, kipenyo milimita 35. Kuna mtu anamjua sonara au fundi wa shaba Tanga anayeweza kunakili? Na nadhani ya pili inatakiwa izunguke upande wa pili, au nimekosea?

Mzee_wa_Tanga_Mjini
Hujakosea, mpe sonara hiyo iliyopo mwambie atengeneze kama anavyoiona kwenye kioo. Njoo inboksi nikuelekeze kwa mmoja.